Udongo wa Jongoo: Machimbo ya Bamburi Yalivyofufuka

Wageni wengi wa Haller Park, kaskazini mwa Mombasa, hukimbilia twiga, viboko na kobe wakubwa. Lakini siri ya mahali pale iko chini ya nyayo zao. Kwenye kuta za machimbo ya zamani, mwamba ulipokatwa wima, matumbawe yaliyogeuka jiwe bado yanaonekana, na makombe yamenasa humo tangu bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, kikauchimba mwamba huo hadi karibu na maji ya chini ya ardhi. Kilichobaki ni sakafu nyeupe ya chokaa, isiyo na udongo, iliyochomwa na jua, na maji yake yana chumvichumvi. Watu husema kwamba machimbo haya yalifufuliwa kwa kupandwa miti. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapokosea. Yalifufuliwa kwa kutengenezewa udongo, na mti ulikuwa nyenzo tu ya kazi hiyo.

Ushahidi ni mpangilio wa kazi yenyewe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alijaribu kupanda aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu: mnazi, mvinje, na damasi, mti ambao kwao ni Somalia. Mvinje ndio uliobeba mzigo mkubwa, kwa kuwa huvumilia chumvi na mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni hewani, kirutubisho ambacho chokaa tupu haina. Kijani kikapatikana upesi, ila udongo haukupatikana. Vijiti vyembamba vya mvinje vina tanini nyingi. Vilianguka, vikarundikana, visioze. Mradi unaohesabu miche peke yake ungeishia hapo na kujitangazia ushindi. Haller aliangalia chini, akaona jongoo wenye miguu myekundu wakivitafuna vijiti hivyo, akawaleta kwa wingi. Kinyesi cha jongoo ndicho bakteria walichoweza kukimalizia, na mboji nyeusi ikaanza kujijenga juu ya chokaa. Baada ya hapo ndipo mimea mingine ilipopata pa kushika, wakafuata wadudu na ndege, na wanyama wakubwa. Njia ya matembezi ya wageni ilifunguliwa mwaka 1984, zaidi ya miaka kumi baada ya miche ya kwanza.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba msitu wa mvinje ni shamba la mti mmoja tu, si mazingira asilia. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mvinje ungeachwa utawale. Ulitumika kama mtangulizi, kisha ukavunwa kwa nguzo na kuni huku miti ya asili ikiingizwa kwenye kivuli na mboji yake. Wengine wanauliza kwa nini udongo haukuletwa kwa malori. Udongo huo ungetoka wapi, kama si kwa kulichuna shamba la mtu mwingine? Pingamizi zito zaidi ni kwamba kampuni ya saruji ina fedha, na bustani nzuri husafisha jina lake. Nakubali kwamba hakuna jongoo atakayerudisha mwamba uliosagwa, na ufufuaji wowote usiwe ruhusa ya kuchimba ovyo. Hata hivyo, kilichoamua matokeo pale ni majaribio, subira na jicho la kuona kinachokwamisha kuoza kwa majani. Fedha peke yake zingenunua miche ya aina 26 nyingine ikafe.

Pwani yetu ina machimbo mengi ya mawe ya kujengea yaliyoachwa wazi. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya kuchimba. Maofisa wanaoidhinisha tathmini hizo wasiridhike na idadi ya miche. Wadai maelezo ya jinsi udongo utakavyotengenezwa, nani ataukagua, na kwa miaka mingapi.