Kalamu na Wembe: Muziki wa Doctor Who

Kazi ya sanaa iliyopita katika mikono ya watu wawili huleta swali ambalo kazi ya mtu mmoja haileti: nani aitwe mwenyewe? Swali hili si la majivuno tu, maana ndani yake mna sifa, mna mali, na mna haki. Mfano mzuri wa jambo hili ni muziki wa kufungulia mchezo wa televisheni wa Kiingereza uitwao Doctor Who. Muziki huo ulisikika kwa watazamaji mara ya kwanza tarehe 23 Novemba 1963, kisha ukatolewa katika santuri na kampuni ya Decca mwaka 1964. Hauchukui hata dakika tatu, lakini umedumu kuliko nyimbo nyingi ndefu.

Mtu wa kwanza ni Ron Grainer, mzaliwa wa Australia, aliyekuwa mtunzi mwenye jina katika televisheni ya Uingereza. Wa pili ni Delia Derbyshire, aliyezaliwa Coventry mwaka 1937, akasoma hisabati na muziki katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huyu alikuwa mfanyakazi wa Radiophonic Workshop, karakana ya BBC mjini London iliyoanzishwa mwaka 1958 ili kutengeneza sauti za michezo ya redio na televisheni. Grainer aliandika mahadhi na mwendo wa sauti nene ya chini katika karatasi, akaongeza maneno machache ya kueleza sauti alizozitaka, kama vile mapovu ya upepo na mawingu. Kisha akamkabidhi Derbyshire karatasi ile.

Msomaji wa leo, aliyezoea kuona muziki ukitengenezwa kwa kompyuta, yafaa aelewe ugumu wa kazi iliyofuata. Hapakuwa na kinanda cha umeme cha kuigiza sauti zote. Derbyshire, akisaidiwa na Dick Mills, alianza na uzi mmoja uliotiwa mkazo. Aliudonoa, akainasa sauti yake katika utepe, kisha akauendesha utepe kwa kasi au polepole ili apate sauti za juu na za chini. Mahadhi aliyapata katika mitambo ya kupimia vyombo vya umeme, ambayo kazi yake ya asili haikuwa muziki hata kidogo. Mawingu aliyapata katika mvumo unaofanana na ule wa redio isiyoshika stesheni. Kila sauti ilikatwa kwa wembe na kuunganishwa na mwenziwe. Hapo ndipo hisabati ilipoingia: utepe ukienda inchi 15 kwa sekunde, sauti ya nusu sekunde ni kipande cha inchi 7 na nusu, wala si zaidi. Vipande hivyo vikafanya tepe kadhaa, na tepe hizo zikaendeshwa pamoja katika mashine mbalimbali mpaka zikakubaliana.

Sasa tuusikilize muziki wenyewe. Sauti ya chini yaja kwanza, yenye mwendo kama wa farasi asiyeonekana, nayo haichoki. Juu yake mahadhi yapanda yakiteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, kama mtu aitaye kutoka ng'ambo ya mto. Sikio lataka kuuliza, "Hiki ni chombo gani?" wala halipati jibu. Uzuri wa muziki huu umo katika kukosekana kwa jibu hilo. Mchezo wahusu mgeni asafiriye katika zama zote, naye hangefaa kutanguliwa na zumari au fidla ambazo kila mtu azijua.

Hata hivyo kazi hii ina upungufu wake. Katikati mahadhi huchangamka, na hofu iliyojengwa kwa taabu hupungua ghafula. Kwa muda mfupi twasikia muziki wa kawaida wa televisheni uliovaa nguo ngeni. Upungufu huo watufundisha jambo. Pale kalamu inapoonekana peke yake, kazi ni ya kawaida; na pale wembe ungeachwa peke yake bila ule mwendo wa chini wa Grainer, tungebaki na milio ya ajabu isiyo na njia. Kila mmoja alimpa mwenziwe kile alichokosa.

Yasimuliwa kwamba Grainer alipoisikia kazi ilipokamilika, alistaajabu hata akauliza kama kweli ndiye aliyeitunga. Alitaka Derbyshire apate sehemu ya sifa na ya malipo. BBC haikukubali, kwa kuwa desturi yake ilikuwa kuwaficha wafanyakazi wa karakana nyuma ya jina la karakana. Basi mtunzi akawa mmoja katika maandishi, ingawa walikuwa wawili katika kazi. Derbyshire alifariki mwaka 2001. Jina lake liliandikwa katika mchezo huo mwaka 2013, ulipotimiza miaka 50, naye hakuwapo kulisoma.

Wako wanaoitetea desturi ile wakisema kwamba mwandishi wa mahadhi ndiye mtunzi, na mwingine ni fundi tu, kama vile mshairi alivyo mwenye shairi na mghani akaligeuza kuwa sauti. Hoja hii ina nguvu lakini haitoshi. Mghani hulikuta shairi limekamilika. Akinyamaza, shairi bado lasomeka. Karatasi ya Grainer ilisema "mawingu", lakini wingu halikuwamo katika karatasi. Aliyelifanya lisikike alibuni, na abuniye ni mtunzi.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanafunzi asikiapo muziki, au asomapo kitabu, au atazamapo picha, na asitosheke na jina lililoandikwa juu. Na aulize kila sehemu ilifanywa na mkono gani, kisha ampe kila mwenye mkono sifa yake angali hai.