Mwenye Ziwa Ndiye Mwenye Mvua

Wagiriki wa kale waligawa kazi. Zeus, juu ya mlima Olympus, alishika mbingu, mvua na radi. Nduguye Poseidon akapewa bahari. Wahaya hawakugawa mambo haya mawili. Ziwa ni la mungu Mugasha, na dhoruba ni ya Mugasha.

Anayeifahamu pwani yao, magharibi ya Ziwa Victoria, hashangai. Simama ufukweni Bukoba alfajiri ya masika: kisiwa cha Musira kinafifia, kinamezwa na ukuta mweupe, na punde mabati ya mjini yanaanza kupiga kelele. Mvua hiyo imetoka majini. Wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kwamba usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo ukavuma kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu ikapanda na kufanya mawingu, kisha pepo za mashariki zikayasukuma upande huu. Ndiyo maana Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukielekea Karagwe zinapungua sana. Wazee waliliona jambo hilo bila kipimo chochote, wakaipa mvua hiyo mwenyewe.

Lakini kuona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulifanya lililoonwa likae vichwani mwa watu vizazi kwa vizazi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia mpiga enanga, mwimbaji wa tendi za Wahaya. Chombo chake ni ubao mnene uliochimbwa katikati, na juu yake uzi mmoja umepitishwa huku na huko kwenye meno ya ncha mbili hadi ukawa nyuzi kadhaa. Anaketi, anadonoa kwa mikono miwili, na koo moja linakuwa la msimulizi, la mfalme na la mungu. Utendi hausomwi popote. Anausuka upya kila anapoketi, akirefusha pale wasikilizaji wanapokuwa na rubisi, pombe ya ndizi, mkononi na hawana haraka, akikata pale anapoona macho yanazama. Mwaka 1970 mtafiti Ruth Finnegan alitilia shaka kama Afrika ina tendi. Mwaka 1986 M. M. Mulokozi akazifanyia tendi za enanga tasnifu nzima katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ufundi wenyewe uko hapa: kwa mpiga enanga, maumbile hayaelezwi, yanatenda. Katika miungu ya Wahaya, Kazoba ni jua, Irungu ana pori, Wamara ana wafu, na kila mmoja ana hasira zake, fahari yake na watu wa kuelewana nao. Msikilizaji akishajua tabia ya mtu hamsahau. Ndivyo alivyolijua ziwa.

Leo utabiri unamwambia mvuvi wa Bumbire au Goziba, kule visiwani Muleba, upepo utavuma kwa kasi gani, na ni vyema ausikilize. Utendi unamwambia jambo jingine: mvua inayonywesha migomba ya nduguye huko bara na wimbi linalotikisa mtumbwi wake vina mwenyewe mmoja. Mgriki aliweza kumshukuru Zeus kwa mavuno na kumlaumu Poseidon kwa msiba. Mhaya hakuwa na njia hiyo. Ilimpasa kumshukuru na kumwogopa yule yule, na kwa mtu wa ziwani huo ndio ukweli.