Sare Isiyotolewa Bure

Wazee wa Kampala wakiinama kwenye ubao wa omweso, wenye mashimo 32 na kete 64, atakayekosa pa kusogeza ndiye aliyefungwa. Sataranji nayo ina miraba 64, ila ina huruma ya ajabu: mwenye zamu akikosa pa kwenda na mfalme wake hajatishwa, mchezo ni sare. Haishangazi kwamba aliyekulia kwenye omweso huitazama sare kwa jicho la pembeni, kana kwamba mtu ameponea chupuchupu.

Hata sinema hazina hamu nayo. Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyefundishwa sataranji na Robert Katende, alitengenezewa filamu mwaka 2016, na watazamaji walikwenda kumwona akishinda. Sare haiuzi tiketi.

Lakini itazame Berlin, ufunguzi ambao Vladimir Kramnik aliutumia London mwaka 2000 kumvua ubingwa Garry Kasparov. Kati ya michezo 15, Kramnik alishinda miwili. 13 iliyobaki ilikuwa sare, na Kasparov hakuambulia ushindi hata mmoja. Katika tawi moja la ufunguzi huo farasi watatu kati ya wanne huliwa mapema, kisha malkia wawili wanabaki wanaviziana katikati ya ubao. Mweupe anatisha mfalme. Mweusi anakinga kwa malkia. Mweupe anarudi alikotoka, mweusi naye anarudi, na hali ileile ikijirudia mara tatu, sare inadaiwa. Yanaonekana maigizo, na baina ya mabingwa wawili waliochoka huenda ni maigizo kweli. Baina ya mnyonge na mwenye nguvu, hiyo ni kazi ya mikono.

Arthur Ssegwanyi wa Uganda anajua bei yake. Kwenye Kombe la Dunia la Baku, 2015, alipangiwa Anish Giri wa Uholanzi, akapoteza michezo yote miwili. Mwaka uliofuata huko Moscow, Giri huyohuyo alicheza michezo 14 dhidi ya vigogo wa dunia wakiwania kumkabili bingwa, akatoka sare yote 14! Mganda hakupewa hata moja.

Hesabu za viwango nazo zinaitambua kazi hiyo. Mchezaji mzoefu wa Kampala mwenye 2000 akimbana mwenye 2400 hadi sare, anaongeza karibu pointi nane. Mwenzake anapunguziwa kama nne.