Mkono Uliozungusha Mashine

Siku hizi neva iliyojeruhiwa hutengenezwa kwenye kompyuta kabla chai haijapoa. Kijana anafungua programu ya NEURON, anachukua milinganyo iliyoandikwa na wengine, anabadilisha namba moja, na mchoro unatokea: seli inavuja sodiamu, pampu zimeelemewa, ishara zinajipiga zenyewe halafu zinakatika. Michoro ni mizuri, sikatai. Lakini muulize ile 120, namba ya kiasi ambacho utando wa neva unaweza kupitisha sodiamu, imetoka wapi, atakutazama kana kwamba umeuliza nani aliyeiumba bahari.

Na kweli imetoka baharini. Ilipimwa kwa ngisi wa Plymouth, Uingereza, mwenye uzi wa neva mnene kiasi cha Alan Hodgkin na Andrew Huxley kuweza kupenyeza waya ndani yake. Walianza 1939, vita vikawakatiza, wakarudi. Kufikia 1951 ilibaki hesabu, na kompyuta ya Cambridge ilikuwa imefungwa kwa matengenezo. Huxley akaketi na Brunsviga, mashine ya kuzungusha kwa mkono.

Ili akokotoe ishara inayosafiri, ilimbidi kwanza akisie kasi yake. Akikosea kidogo tu, volteji kwenye karatasi ilipaa bila kikomo, au ilizama bila kikomo. Basi anakisia tena, katikati ya makosa yale mawili, na kuanza upya: anazungusha, anasoma, anaandika, anazungusha. Wiki nzima nzima zilikwenda kwa wimbi la milisekunde chache. Hatimaye akapata mita 18.8 kwa sekunde. Ngisi mwenyewe alipopimwa alitoa 21.2. Mwaka 1952 wakachapisha namba zote mbili. Sishangai. Huxley alikuwa mtu wa kukereza vyuma tangu utotoni, na fundi wa kukereza hafichi pengo.

Ufundi huo haukufa naye alipofariki 2012. Mwaka huohuo Boucher, Joós na Morris wa Ottawa walichapisha modeli ya neva iliyovutwa kwa nguvu, ambamo milango ya sodiamu hufunguka mapema kuliko kawaida, na hata kujifunga kwake huwahi kwa kiasi kilekile. Hawakuijeruhi milango yote sawasawa: mingine waliiacha mizima, mingine wakaisogeza, wakahesabu sodiamu inayoingia na kazi ya pampu ya kuitoa. Hao waliijua kila namba waliyoigusa.

Wengine wetu je? Ile programu ya NEURON, ukiiacha ilivyo, huanza na nyuzijoto 6.3, baridi ya meza ya ngisi. Ukiipandisha hadi 37 bila kurekebisha kingine, neva ya ngisi hushindwa kupiga. Kwa hiyo haipandishwi. Ubongo wa mtu aliyeanguka na bodaboda unaigizwa kwa baridi ya ngisi, mchoro unatoka na rangi zake zote, na mkutanoni watu wanauliza tu picha imetengenezwa kwa programu gani.