Mafuta Gani? Maoni juu ya Tafsiri ya Maelekezo ya Injini ya Rota

Miongoni mwa tafsiri tulizoletewa tuzitolee maoni mna kurasa chache za maelekezo ya kutafuta ubovu wa plagi katika injini ya rota yenye kabureta, aina ya 12A, iliyofungwa katika magari ya Mazda RX-7 ya kati ya mwaka 1978 na 1985. Magari hayo sasa ni makongwe na wenye kuyatunza ni wachache. Lakini fundi atakayeletewa gari la namna hiyo, naye amezoea injini za pistoni, hatakuwa na mwalimu mwingine ila kurasa hizi, na istilahi moja iliyokwenda upande yaweza kumfanya aibomoe injini isiyo na ugonjwa. Ndiyo sababu tumeonelea tafsiri hii ijadiliwe kwa urefu, ingawa sarufi yake haina kasoro.

Sentensi iliyotusimamisha ni hii: "Mafuta yakizidi, toa plagi, ondoa mafuta, kisha tia mafuta kidogo." Tuliisoma mara tatu. Mafuta gani yaliyozidi, mafuta gani ya kuondolewa, na mafuta gani ya kutiwa? Mwenye gari akisema anakwenda kutia mafuta, kila mtu hufahamu kuwa ni petroli. Akisema mafuta ya injini, ni oili. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika ukurasa huu hautuokoi, kwa kuwa ndani ya injini ya rota petroli na oili zote mbili huifikia plagi, na kila moja ina maana yake.

Hapana budi tueleze kidogo jinsi injini yenyewe inavyofanya kazi. Asili yake ni ubunifu wa Mjerumani Felix Wankel. Haina pistoni wala vali. Ndani yake mna rota ya pembe tatu inayozunguka katika chumba chenye umbo la yai lililobanwa kiunoni, na kila ncha ya rota ina sili inayokwaruza ukuta wa chumba. Sili hizo lazima zilainishwe. Kwa hiyo pampu ndogo huchota oili katika hazina ya chini ya injini, huipima, na kuipeleka kwenye kabureta, ikaingia pamoja na petroli na kuungua pamoja nayo. Huo si ubovu. Ndivyo injini ilivyoundwa.

Sasa mtafsiri, alipofika mahali hapo, ameandika kwamba "injini hii inakula oili". Ni Kiswahili kizuri mno, na ubaya wake ndio huo. Katika gereji zetu kauli hiyo si maelezo, ni hukumu: injini iliyoambiwa inakula oili imekwisha kuchoka, na kinachofuata ni kuifungua. Fundi akiisoma, kisha akaona plagi zina unyevu wa oili kidogo, ataona ushahidi umekamilika. Twapendekeza iandikwe kwamba injini "hulainishwa kwa oili ya kuungua", na kwamba mwenye gari aangalie kipimo cha oili mara kwa mara na kuongeza. Oili ikizidi kiasi, hadi plagi ikateleza vidoleni na moshi wa buluu ukatoka kwenye eksosi, hapo ndipo maneno ya ugonjwa yatumike.

Habari ya petroli ni nyingine kabisa. Mtu huliwasha gari likiwa baridi, choki ikiwa imevutwa, akalisogeza hatua chache uani, akalizima. Petroli isiyoungua hubaki ndani, hulowesha plagi, tena huosha utando wa oili uliozisaidia sili kushika ukuta. Mgandamizo hupungua. Kesho yake gari haliwaki, na sababu zimekuwa mbili badala ya moja. Dawa ni kuzitoa plagi, kukata umeme wa pampu ya petroli na wa cheche, kupiga stata ili petroli ifukuzwe kupitia matundu ya plagi, kisha kutia oili kidogo katika matundu hayo ili sili zishike tena, na kurudisha plagi kavu. Ndiyo kusema, ile sentensi tuliyoinukuu ilikusudia hivi: petroli ikizidi, toa plagi, ondoa petroli, kisha tia oili kidogo. Mwanafunzi aliyeielewa kinyume atamwaga petroli juu ya petroli mbele ya stata inayozunguka. Katika maandishi ya ufundi, basi, neno mafuta peke yake lisitumike hata mara moja. Petroli na oili yamekwisha kuwa maneno yetu, na hakuna haja ya kuyaonea haya.

Tuje kwenye "plagi chafu". Neno la asili la Kiingereza ni moja, na mtafsiri ametafuta neno moja la Kiswahili la kulijibu, kama tulivyozoea sote. Hapa twaona mazoea hayo yameponza. Kinachoharibika si usafi wa plagi. Kinachotokea ni kwamba tabaka limeifunika kauri inayouzunguka ncha ya kati, na umeme, badala ya kuruka pengo na kutoa cheche, hupita juu ya tabaka hilo hadi kwenye chuma. Yawezekana plagi ionekane nyeusi na bado ikatoa cheche njema. Na yawezekana plagi iliyolowa petroli ing'ae kama mpya na isitoe cheche hata moja. Neno "chafu" humdanganya msomaji pande zote mbili, tena humtuma kutafuta brashi badala ya kutafuta sababu.

Twaonelea istilahi moja isitafutwe. Yawepo majina matatu, kwa kuwa mambo ni matatu. "Plagi iliyolowa petroli" hujulikana kwa harufu, na hukauka ikiachwa. Huelekeza kwenye choki, au boya la kabureta lililokaa juu mno, au cheche dhaifu. "Plagi yenye oili" haikauki. "Plagi iliyoshika masizi" ni kavu na nyeusi, na ukiipangusa hutoa unga kama wa chungu cha kuni. Hutokana na mchanganyiko wenye petroli nyingi, chujio la hewa lililoziba, au safari fupi fupi za mjini ambazo hazikuiacha plagi ipate joto. Tutaulizwa: na kichwa cha jedwali kiandikweje? Kiandikwe "plagi iliyopoteza cheche". Hilo ni kweli kwa zote tatu, wala halimwambii fundi afanye nini kabla hajatazama.

Kosa la tatu ni la mahali. Injini ya 12A ina rota mbili, ya mbele na ya nyuma, na kila rota ina plagi mbili, moja juu na moja chini. Ya chini ndiyo itangulizayo cheche. Katika mwendo wa kusimama ile ya juu hufuata nyuzi 20 baadaye. Mtafsiri ameziita "plagi ya mbele" na "plagi ya nyuma". Matokeo yake tumekuta "plagi ya nyuma ya rota ya mbele", na mahali pengine "plagi ya mbele" pasipo kusema ni ipi kati ya mbili, au nne. Ziitwe "plagi tangulizi" na "plagi fuatizi", na pamoja na majina hayo ziachwe herufi L na T zilizomo katika alama za waya zenyewe: L1, T1, L2, T2. Herufi hizo mtafsiri amezifuta, nadhari yake ikiwa kusafisha Kiswahili. Herufi iliyoandikwa kwenye waya haitafsiriwi, kwani fundi ataitafuta kwa macho. Waya zikibadilishana mahali, cheche hutoka wakati usio wake, na plagi mpya zitaharibika kama zile za kale.

Lipo pia neno "rota". Ndani ya distribyuta mna kipande kidogo kinachogawa umeme, nacho kwa Kiingereza huitwa kwa jina lile lile la rota ya injini. "Kagua rota, ikiwa imeungua ibadilishwe," yasema tafsiri. Kipande hicho huchomolewa kwa vidole viwili. Rota ya injini haifikiwi mpaka injini ishushwe na kufunguliwa. Iandikwe "kigawa-umeme", na rota libaki jina la kile kiungo kikubwa tu.

"Plagi moto" na "plagi baridi" nazo zimetafsiriwa neno kwa neno, na msomaji atadhani ni habari ya injini kutopata moto. Maana yake ni kasi ya plagi kupoteza joto. Ncha yapasa ifikie kiasi cha sentigredi 450 ili iyachome masizi yake yenyewe. Katika injini ya rota mwako hutukia mahali pale pale daima, na kila rota huwaka mara moja kwa kila mzunguko wa mhimili, mara mbili zaidi ya silinda ya injini ya kawaida ya mipigo minne. Kwa hiyo huhitaji plagi ya kupoa haraka, na plagi hiyo hiyo hushika masizi gari likienda polepole. Tuseme "plagi ya kupoa haraka" na "plagi ya kupoa polepole". Ni ndefu, lakini hazihitaji maelezo. "Mchanganyiko tajiri" tumeupita kwa tabasamu. Hatujaona petroli yenye mali.

Boya, kwa upande wake, limetufurahisha. Mtafsiri angeweza kuandika "floti" kama wengi, akachagua neno la wavuvi linaloeleza kazi ya kifaa hicho papo hapo. Libaki. Kurasa zote zirudishwe kwake pamoja na maoni haya, na mchoro wa ukurasa wa nne uchorwe upya ukiwa na herufi zake.