Daraja la Gitaa: Neno Moja kwa Vitu Viwili

Wafasiri wa maelekezo ya gitaa la umeme wamezoea kuita "daraja" kila chuma kinachobeba nyuzi tumboni mwa gitaa. Neno lenyewe si baya, kwani nyuzi hupita juu yake. Kosa ni kulibebesha mzigo usio wake.

Tuchukue gitaa la Stratocaster, ambalo kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuliuza mwaka 1954. Juu ya bamba la daraja lake vimepangwa vipande sita vidogo. Kila kimoja hubeba uzi wake na huinuliwa au kushushwa kwa skrubu zake. Uzi uleule ukikatika mara kwa mara palepale juu ya kipande chake, aghalabu sababu ni makali yaliyojitokeza katika kipande hicho. Dawa yake ni kuyasugua kwa msasa laini. Lakini fundi aliyeandikiwa "daraja linakata nyuzi, libadilishe" atanunua daraja zima bila haja.

Kwa hiyo tunapendekeza kipande hicho kiitwe "kitandiko", kwa mfano wa tandiko la punda, ambalo hukaa juu yake na kupokea mzigo. "Daraja" libaki kuwa jina la chombo kizima.

Istilahi ya ufundi hupimwa mkononi mwa fundi. Ikimwonyesha mahali pa kusugua, imefaa. Ikimtia hasara, hata ingawa ni tamu masikioni, haina budi kusahihishwa.