Bei ya Mashua Kuukuu Hujificha Wapi?

Anayetafuta mashua ndogo ya tanga nchini Marekani, ya kuvutwa kwa gari hadi ziwani au baharini, ni nadra asikutane na Catalina 22. Iliundwa kwa mara ya kwanza California mwaka 1969 kwa mchoro wa Frank Butler, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 15,000. Faiba haiozi, kwa hiyo nyingi bado zipo, zimefunikwa turubai nyuma ya nyumba za watu, zikisubiri mnunuzi mwenye dola elfu chache. Mnunuzi huyo akiwekewa mbili zenye umri mmoja na bei moja, atajuaje ipi itamfikisha majini na ipi itamla pesa?

Rangi haitamwambia. Ataambiwa na namna mashua yenyewe ilivyoundwa. Kila mahali Butler alipotumia ujanja wa kifundi ili chombo kiwe chepesi, cha bei nafuu na cha kubebeka, aliacha kiungo ambacho huchakaa. Ukivijua viungo hivyo, ukaguzi unamalizika asubuhi moja.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Chombo cha tanga kinahitaji kitu cha kukizuia kisipinduke upepo unapokisukuma ubavuni, na kitu cha kukizuia kisiburuzwe demani kinapobisha. Ngalawa za pwani yetu hujilinda zisipinduke kwa mbao zinazoelea pembeni, lakini upana ule haupiti barabarani juu ya trela. Mashua nyingi za Ulaya na Marekani hutegemea mkuku mzito unaozama sana, nao hauruhusu chombo kukaa chini juu ya trela wala kuelea kwenye maji ya magotini pale kinaposhushwa.

Butler alichukua mkuku wa chuma wa karibu kilo 250, akautundika kwenye pini moja, na kuufunga waya unaovutwa kwa winchi iliyo ndani ya chumba. Mkuku ukiwa chini, mashua huzama mita 1.5. Ukipandishwa, huzama sentimita 60 tu. Upana ukawekwa mita 2.34, ndani ya futi 8 zilizokuwa kikomo cha kawaida kwenye barabara za Marekani wakati ule. Mlingoti ukasimamishwa juu ya sitaha kwa bawaba, ili watu wawili waweze kuulaza. Chombo kizima kikawa na uzito wa karibu tani moja.

Anza na mkuku

Pini ni ya shaba nyeusi na tundu limo ndani ya chuma. Mashua iliyofungwa mahali penye mawimbi hutikisika usiku kucha, na kila inapotikisika mkuku hugonga upande huu na ule. Baada ya miaka, pini huliwa na tundu hupanuka. Kipimo chake hakihitaji chombo chochote: ingia chini ya trela mashua ikiwa imeinuliwa na mkuku umeshushwa kidogo, shika ncha yake, usukume kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Ukisikia kishindo kizito kutoka juu, pini imekwisha, au vishikizo vyake vimelegea kwenye bolti zinazovibana na mwili wa mashua. Muuzaji akikataa kuinua mashua, hesabu kwamba pini ni mbovu na upunguze bei hivyo.

Uliza pia mashua imeishi wapi. Iliyokaa maji ya ziwa huwa na mkuku ulioshika kutu ya juu juu, ya kusuguliwa na kupakwa rangi. Iliyokaa baharini kwa miaka bila matunzo huwa na kutu inayobanduka kwa matabaka. Kutu huvimba, na mkuku uliovimba hubana ndani ya nafasi yake, ukagoma kushuka.

Kisha ushike waya. Upitishe kitambaa kikavu kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi mmoja uliokatika utanasa kitambaa, na huo mmoja unatosha kuubadilisha waya wote. Waya ukikatika, kilo 250 zinaanguka kwa mpigo mmoja na zinaweza kupasua mwili wa mashua.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho wengi hawakiangalii. Waya huo huingia ndani kupitia bomba lililo chini ya usawa wa maji, na kipande kifupi cha mpira hufunga njia hiyo kwa vibano viwili. Mpira huo ni wa bei ya chakula cha mchana, lakini ukipasuka mashua inaweza kujaa maji hadi izame. Toa ngazi ya kuingilia chumbani, umulike kwa tochi na uuminye kwa vidole. Ukiwa mgumu kama ganda, au una nyufa, au vibano vina kutu, mwenye mashua hakuwa akiitunza, na mengine utakayoyakuta yatakuwa ya aina hiyohiyo.

Sitaha na nyaya

Sitaha inaonekana kuwa faiba tupu, lakini ndani yake, kati ya tabaka mbili za faiba, mna vipande vya mbao za plaiwudi vinavyoipa ugumu bila uzito. Kila tundu la skrubu ni mlango wa maji. Maji yakiingia, mbao huoza huku juu pakiendelea kung'aa. Chukua mpini wa bisibisi na ugonge sitaha nzima, hatua kwa hatua. Penye uzima hulia kwa sauti kavu na kali. Palipooza sauti hufa. Gonga zaidi pale mlingoti unaposimama na pale nyaya zake zinapofungwa. Sitaha ikiwa imebonyea kuzunguka kitako cha mlingoti, achana na mashua hiyo, isipokuwa kama unapenda kazi ya faiba kuliko kusafiri.

Nyaya za mlingoti, mafundi wengi huzibadilisha kila baada ya miaka 10 hadi 15 hata kama zinaonekana nzima. Nyaya ambazo mwenye mashua hakumbuki umri wake zihesabu kuwa mbovu. Matanga yanyooshe nje, uyatazame dhidi ya jua. Jozi mpya hupita dola 1,000 kwa urahisi, kwa hiyo tanga lililochoka ni hoja nzito ya bei. Mikwaruzo ya mwilini, mito iliyochanika na rangi iliyopauka visikupotezee muda.

Injini

Hapa ndipo wanunuzi wanapodanganyika na ukubwa. Chombo kinachosukuma maji hufungwa na wimbi lake chenyewe, na mwendo wake wa juu hutegemea urefu wa sehemu inayogusa maji. Kwa Catalina 22 sehemu hiyo ni karibu mita 5.9, na mwendo unaotokana nayo ni karibu kilomita 11 kwa saa. Injini ya hospawa 4 hadi 6 inaufikia. Ya hospawa 10 itakula mafuta zaidi na kuielemea tezi kwa uzito wake, huku mashua ikienda kwa mwendo uleule.

Urefu wa mguu wa injini, ule unaoishusha propela majini, una maana kubwa kuliko hospawa. Tezi ya mashua hii iko juu, na mawimbi huiinua zaidi. Mguu mfupi wa sentimita 38, ule wa mitumbwi midogo, hutoa propela majini kila wimbi linapopita, injini ikapiga kelele bila kusukuma kitu. Hitaji la chini ni mguu mrefu wa sentimita 51.

Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, na ukifika anza kwa kugusa kifuniko. Kikiwa na joto, huenda kuna tatizo la kuwaka asubuhi ambalo hakutaka ulione. Ikishawaka, tazama maji yanayorushwa kupitia kitundu cha pembeni: yakitoka dhaifu au yasipotoka, huenda pampu ya kupozea imekwisha. Mwisho, fungua skrubu ya chini ya giaboksi. Oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, na sili zimekufa.

Trela

Mashua nzuri juu ya trela bovu hukwama kando ya barabara kuu. Mashua, vifaa na trela kwa pamoja hukaribia tani moja na nusu. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi za trela huzeeka zikiwa zimesimama, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Inua kila gurudumu kwa jeki, ulizungushe, kisha ulitikise. Likicheza au likikwaruza, beringi imekufa. Beringi za trela la mashua hufa haraka kwa sababu hutoka barabarani zikiwa moto na kutumbukizwa moja kwa moja kwenye maji baridi. Hewa ndani husinyaa na maji hunyonywa ndani ya grisi.

Makaratasi ni ya kuangalia mara moja. Boti zilizoundwa Marekani tangu Novemba 1972 lazima ziwe na namba ya herufi na tarakimu 12 upande wa kulia wa tezi. Kwa zilizoundwa tangu katikati ya miaka ya 1980, mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Ilinganishe na hati. Majimbo mengi huliandikisha trela peke yake, kwa hiyo dai hati zake pia.

Mnunuzi wa boti ya faiba Kilifi, Tanga au Mwanza huenda asikutane kamwe na mkuku wa kupandishwa. Mbao zilizofungiwa ndani ya faiba, oili ya maziwa na injini iliyopashwa moto kabla hajafika atakutana navyo. Bisibisi yake na kitambaa chake vitafanya kazi ileile.

Uamuzi basi ni huu: kati ya mashua mbili, nunua yenye pini nzima, sitaha kavu na trela imara, hata kama rangi imepauka na injini haiwaki. Injini ndogo hubadilishwa kwa siku moja. Sitaha iliyooza hula msimu mzima. Kabla ya kutaja bei, andika kila kasoro na gharama yake, utoe jumla hiyo kwenye bei aliyoitaja muuzaji. Asipokubali, rudi nyumbani na pesa zako. Zimeundwa zaidi ya 15,000.